Kadi ya chakula cha watoto wakati wa kiangazi: mwongozo kwa wazazi Waswahili walioko Marekani

Shule zikifungwa Mei au Juni, milo kumi ambayo kila mtoto alikuwa anaila shuleni kwa wiki, asubuhi na mchana, inahamia jikoni kwako. Mwenye watoto watano anaijua hesabu hiyo bila kalamu: milo hamsini kwa wiki, na mshahara wa ghala ni uleule wa Aprili.

Kwa ajili ya pengo hilo Marekani ina sheria. Ilipenyezwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa saini tarehe 29 Desemba 2022, na utekelezaji wake ulianza kiangazi cha 2024. Inasema kila mtoto wa umri wa shule ambaye familia yake ina kipato kidogo apewe $40 kwa mwezi kwa miezi mitatu, yaani $120 kwa kiangazi kimoja, kwenye kadi ya kununulia chakula. Alaska, Hawaii na visiwa vilivyo chini ya Marekani hupewa zaidi kwa sababu chakula huko ni ghali. Jina lake la kisheria ni Summer EBT. Majimbo mengi huiita SUN Bucks, na mengine yana jina lao, kwa hiyo ukisikia majina matatu usidhani ni misaada mitatu.

Ninasaidia watu wetu kujaza fomu hizi Jumapili baada ya ibada, huku Kentucky, tangu mwaka wa kwanza. Kosa linalorudi kila msimu ni moja. Mzazi anasema: "Mtoto wangu anakula bure shuleni, kwa hiyo yumo." Hapana. Mtoto kula bure ni jambo moja, jina lake kuwa kwenye orodha ya watakaopewa kadi ni jambo lingine. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuhakikisha jina hilo lipo.

Kwanza: jua kama jimbo lako limekubali

Serikali kuu ya Washington hulipa fedha zote zinazoingia kwenye kadi. Gharama za kuendesha mpango, kama wafanyakazi, kompyuta na barua, hulipwa nusu kwa nusu kati ya Washington na jimbo. Hapo ndipo siasa ilipoingilia. Sheria haikulazimisha jimbo lolote, na kila jimbo linatakiwa kusema kabla ya tarehe 1 Januari kama litashiriki kiangazi kijacho.

Mwaka 2024 majimbo 37 yalishiriki, pamoja na jiji la Washington, visiwa vitano na baadhi ya mataifa ya Wahindi Wekundu. Texas, Florida, Georgia, Idaho, South Carolina na Mississippi ni miongoni mwa yaliyokataa. Tennessee ilishiriki 2024 kisha ikajitoa 2025. Alabama na Utah zilikataa 2024 zikaingia 2025. Iowa ilikataa kadi, lakini 2025 ikapewa ruhusa ya kugawa maboksi ya chakula badala ya fedha, yenye thamani ya $40 kwa mtoto kwa mwezi, katika vituo ambavyo mzazi anakwenda kuchukua. Texas ndiyo inayouma zaidi, maana Wakongo wengi wako Houston, Dallas, Fort Worth na Abilene: bunge la jimbo lilitenga dola milioni 60 za kuanzisha mpango huu, na Juni 2025 gavana Greg Abbott akazifuta kwa kura ya turufu.

Kwa hiyo usifuate aliyokwambia shemeji yako wa jimbo lingine, wala uliyosikia mwaka juzi. Piga namba 211, ni bure, nayo inafanya kazi karibu nchi nzima. Uliza kama jimbo linatoa Summer EBT mwaka huu, na ni ofisi gani inayoisimamia. Pengine ni idara ya elimu, pengine ni ileile inayotoa SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, yaani fudistempu kama wengi tunavyoiita.

Ukipiga simu ofisi yoyote ya aina hii, una haki ya mkalimani bila malipo. Ofisi inayopokea fedha za serikali kuu haiwezi kukuambia uje na mtoto wako akutafsirie. Neno la kumwambia anayepokea ni "Swahili". Usiseme "Kiswahili", nimeona watu wakiunganishwa na mkalimani wa lugha nyingine kwa sababu aliyepokea hakulitambua neno. Baada ya hapo usikate simu, hata kama muziki unapigwa dakika kumi.

Kama unaishi Oklahoma, jua kwamba jimbo lilikataa, lakini mataifa ya Cherokee na Chickasaw yalianza kutoa kadi katika maeneo yao, hata kwa watoto wasio wa kabila lao. Uliza huko.

Pili: jua mtoto wako anaingia kwa mlango gani

Milango ni miwili.

Mlango wa kwanza hauna fomu. Mtoto anaingizwa mwenyewe kama wakati wowote tangu mwaka wa shule uanze familia imekuwa ikipokea SNAP au fedha za TANF, yaani msaada wa fedha taslimu kwa familia zenye watoto. Katika baadhi ya majimbo kuwa na Medicaid (bima ya afya ya serikali) kwa sababu ya kipato cha chini kunatosha pia. Wanaingia vilevile watoto wa kulelewa na serikali, watoto wa vibarua wa mashamba wanaohamahama, na watoto wasio na makao. Hili la mwisho wengi wetu hatulijui. Kwa sheria ya elimu ya Marekani, asiye na makao si yule anayelala barabarani tu. Familia inayolala sebuleni kwa ndugu kwa sababu haijapata nyumba yake imo pia. Kila wilaya ya shule inatakiwa kuwa na mfanyakazi wa kushughulikia watoto hao. Mtafute kupitia ofisi ya shule, mweleze hali yenu ilivyo. Hakuna aibu, na akishaandika mtoto, mambo mengine ya shule pia yanakuwa mepesi.

Mlango huu una siri moja nzuri. Kwa kanuni za chakula cha shule, mtu mmoja wa nyumba akipokea SNAP, watoto wote wa nyumba hiyo wa umri wa shule wanahesabiwa. Hata kama anayepokea ni yule mdogo aliyezaliwa hapa, kaka yake aliyezaliwa kambini Nyarugusu naye yumo.

Mlango wa pili ni fomu ya kipato. Mtoto awe anasoma shule iliyo katika mpango wa taifa wa chakula cha mchana, na kipato cha familia kisizidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini. Kwa mwaka ulioishia 30 Juni 2026, kikomo hicho kwa familia ya watu wanne kilikuwa $59,478 kwa mwaka, yaani $4,957 kwa mwezi, kabla ya makato. Kwa familia ya watu saba kilikuwa $90,003. Viwango hupandishwa kila Julai. Ninavitaja ili uone kwamba si vya mtu asiye na kazi. Baba na mama wote wawili wakiwa kiwandani, na watoto watano nyumbani, wanaweza kuwa wamo kabisa. Wengi hawajazi kwa kudhani msaada ni wa asiyefanya kazi.

Kama shule imeshapokea fomu ya chakula ya mwaka huu yenye majina ya watoto wako na ikakubali, wamo tayari. Usijaze tena.

Tatu: usinaswe na chakula cha bure cha shule nzima

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo tunapopotezea fedha.

Shule au wilaya yenye watoto wengi wa kipato cha chini inaruhusiwa kulisha wote bure bila kumuuliza mzazi yeyote kipato chake. Watu wa ofisini huuita mpango huo CEP. Na kuna majimbo, kama Maine, Minnesota, Massachusetts na Michigan, ambayo sheria zao wenyewe zinalisha kila mtoto bure, awe wa daktari au wa mfagizi. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba kwa kuwa hakuna aliyeulizwa, shule haina karatasi inayosema kwamba nyumba yako ina kipato kidogo. Kiangazi kikifika, jimbo linatafuta majina kwenye orodha za SNAP na TANF. Asiyeonekana huko, na asiyejaza fomu, hapati kitu.

Mwaka 2024 mama mmoja wa Uvira, mwenye watoto wanne wote wanaokula bure shuleni, alisubiri kadi hadi Septemba. Jirani yake alipata. Alidhani amebaguliwa. Tulipofuatilia tukakuta hakuna ofisi iliyomkataa, kwa sababu hakuna ofisi iliyojua kwamba anaomba. Dola 480 zilipita hivyo.

Sasa hatari imeongezeka. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 iliondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP mpaka wapate grin kadi. Familia ambazo zamani ziliingia kwa mlango wa kwanza bila kufanya lolote, leo hazionekani kwenye orodha ya SNAP. Mlango wao sasa ni fomu. Kesiwoka, yaani mfanyakazi anayeshughulikia faili lako, akikwambia SNAP imefungwa, hajakwambia kwamba kadi ya kiangazi ya watoto imefungwa. Hivyo ni vitu viwili. SNAP inauliza hati zako za uhamiaji, Summer EBT haiulizi.

Kuna nafuu ya kuingia mlango wa kwanza kwa mara ya mwisho. Aliyekatwa SNAP Novemba 2025, kwa mfano, alikuwa bado anaipokea Septemba na Oktoba, ndani ya mwaka wa shule. Watoto wake wanahesabika kwa kiangazi cha 2026. Piga simu uthibitishe kwamba majina yapo. Kwa kiangazi kinachofuata jaza fomu. Na mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja nchini aombe grin kadi bila kungoja, kwa sababu ndiyo inayofungua SNAP tena.

Nne: jaza fomu

Ulizia fomu mapema, Machi au Aprili, kabla ofisi ya shule haijajaa wazazi wa mahafali. Majimbo huwa na fomu ya Summer EBT kwenye tovuti, na shule nyingi zina fomu yao ya chakula au ya kipato. Muulize katibu wa shule swali hili hili: "Fomu gani itamwingiza mtoto wangu kwenye Summer EBT?" Ukiuliza tu kuhusu chakula cha bure atakujibu kwamba wote wanakula bure, na mtaachana hapo. Uliza pia siku ya mwisho, maana kila jimbo lina yake, na nyingine huangukia katikati ya kiangazi.

Keti na karatasi za mshahara za mwezi uliopita za kila anayefanya kazi nyumbani. Kisha angalia sana sehemu hizi.

Idadi ya watu. Familia kwenye fomu ni watu wote wanaoishi pamoja na kushirikiana kipato na matumizi. Bibi yumo. Kichanga cha wiki tatu kimo. Mpwa uliyempokea mwezi uliopita yumo. Watu wetu huandika wanaosoma tu, wakijipunguzia watu watatu au wanne, na kikomo kinashuka nao. Kinyume chake, mpangaji anayelipa chumba chake na kupika chungu chake si wa familia yako hata kama mnatoka kijiji kimoja.

Mshahara. Andika kabla ya makato, namba kubwa ya juu, si ile iliyoingia benki. Fedha unazotuma Bukavu au Kakuma kila mwezi hazipunguzwi. Najua zinauma, lakini fomu haina mstari wa ndugu.

Mara ngapi unalipwa. Kulipwa kila baada ya wiki mbili si sawa na kulipwa mara mbili kwa mwezi. Wa kwanza hupata malipo 26 kwa mwaka, wa pili 24. Mwenye $1,900 kila baada ya wiki mbili ana $49,400 kwa mwaka. Akiweka alama kwenye "kila wiki" kwa kutoelewa, kompyuta itasoma $98,800 na kumkataa. Nimeona hilo likitokea zaidi ya mara moja.

Ovataimu. Kama ovataimu ya Desemba si ya kawaida, andika kipato unachopata kwa kawaida. Kama unaifanya kila wiki mwaka mzima, basi hiyo ndiyo kawaida yako.

Namba ya Social Security. Fomu huomba tarakimu nne za mwisho za mtu mzima mmoja tu. Kama hana, kuna kisanduku cha kuweka alama kwamba hana. Kisiachwe kitupu, fomu isiyokamilika hukaa mezani.

Majina. Hapa Wakongo na Warundi tuna kazi. Mtoto anaitwa jina moja kwenye I-94 (karatasi ya kuingilia nchini), lingine shuleni, na la tatu kwenye Medicaid, kwa sababu mwandishi fulani kambini aligeuza herufi au jina la ukoo likawa la kwanza. Kwenye fomu hii andika jina na tarehe ya kuzaliwa kama shule ilivyoandika. Kompyuta ndiyo inayolinganisha, nayo haina huruma. Wenye 1 Januari kama siku ya kuzaliwa kwa watoto watatu tofauti, hakikisheni majina ya kwanza yako sawasawa kabisa.

Saini. Ukisaini unaapa kwamba ni kweli. Jimbo huchagua sehemu ndogo ya fomu na kuomba uthibitisho. Ikija barua ya kutaka karatasi za mshahara, ijibu ndani ya siku zilizotajwa hata kama unaona ulishazitoa. Asiyejibu huondolewa hata kama anastahili.

Mtoto aliyefika nchini Aprili na kuandikishwa shule Mei anaweza kuombewa. Wa chini ya umri wa shule ambao hawajaandikishwa shule hawamo, lakini wa chini ya miaka mitano wana WIC, mpango wa chakula kwa akina mama na watoto wadogo, ambao ni ombi jingine kwenye kliniki ya afya ya kaunti.

Tano: hakikisha kadi itafika

Majimbo mengi huweka fedha moja kwa moja kwenye kadi ya EBT ya familia inayopokea SNAP. Wengine hutumiwa kadi mpya kwa posta, pengine moja kwa kila mtoto, kwa anwani iliyoko shuleni. Tunahama sana. Tunaanza kwenye apatimenti ya shirika la kupokea wakimbizi, tunahamia karibu na kazi, kisha karibu na ndugu. Ukihama, badilisha anwani shuleni siku hiyohiyo, si kwa meneja wa nyumba tu. Kadi ya jirani yangu ilikwenda nyumba aliyohama Februari, na mpangaji mpya akaitupa.

Bahasha yenyewe haina mvuto. Nyeupe, ndogo, bila picha, inafanana na zile za matangazo ya bima. Mwaka wa kwanza kadi nyingi ziliishia kwenye pipa la taka. Kuanzia Mei fungua kila bahasha. Barua inaweza pia kuja kukuarifu kwamba mtoto amechaguliwa, na kwamba kama hutaki msaada urudishe karatasi au upige simu. Watu hujaza karatasi hiyo wakidhani ndiyo fomu ya kuomba. Hiyo ni ya kukataa.

Kadi ikifika, piga namba iliyo nyuma yake uweke namba ya siri. Mashine huuliza tarehe ya kuzaliwa, na mara nyingi inataka ya mtoto aliyetajwa kwenye kadi. Usiweke 1234. Wezi huweka vifaa vya kunakili kadi kwenye mashine za maduka, na ruhusa ya kurudisha kwa fedha za Washington SNAP iliyoibwa kwa njia hiyo ilikoma 20 Desemba 2024. Badilisha namba mara kwa mara. Ujumbe wa simu unaokutaka utume namba ya kadi au namba ya siri ni wa tapeli, hata ukiandikwa kwa Kiswahili kizuri.

Sita: itumie, na uiwahi

Fedha hukaa siku 122 tangu zilipowekwa. Baada ya hapo zinafutwa, na hakuna wa kumlilia. Zikiingia mapema Juni, mwisho ni mapema Oktoba. Usiziweke kama akiba ya sikukuu.

Kadi inakubaliwa popote SNAP inapokubaliwa: maduka makubwa, masoko mengi ya wakulima, na maduka ya Waafrika yenye alama ya EBT mlangoni. Uliza kabla ya kujaza kikapu, maana duka la Mkongo lenye sombe na dagaa bora mjini linaweza kuwa halijasajiliwa. Unaweza kununua mchele, unga wa fufu, maharage, mafuta ya mawese, samaki wabichi, nyama, maziwa, matunda, hata mbegu za kupanda mchicha nyuma ya nyumba. Hununui sabuni, nepi, dawa, vitamini, pombe wala sigara. Chakula cha moto hakiruhusiwi: kuku wa kuchoma anayezunguka kwenye kioo haruhusiwi, lakini kuku mbichi wa kwenda kupika mwenyewe anaruhusiwa. Kuanzia 2026 baadhi ya majimbo, kama Indiana, Nebraska na Utah, yamezuia soda kwa wanaotumia SNAP, kwa hiyo mashine ikikataa chupa usibishane na msichana wa kaunta.

Saba: vituo vya chakula, hata kama jimbo lilikataa kadi

Walioko Texas, Idaho, Georgia na kwingineko msiondoke hapa. Kuna mpango wa zamani zaidi, ulioanza kwa majaribio 1968, ambao uko kila jimbo. Vituo hufunguliwa kwenye shule, maktaba, makanisa, viwanja vya michezo na majengo ya makazi ya bei nafuu. Mtoto yeyote wa miaka 18 au chini anakula bure. Kwenye kituo cha wazi hakuna fomu, hakuna kitambulisho, hakuna swali la hati. Mnafika, mtoto anakaa, anakula. Unaweza kumpeleka na rafiki zake wa mtaani.

Mjini chakula huliwa palepale, wala mzazi haruhusiwi kula kwenye sahani ya mtoto. Usikasirike wakikukumbusha, kituo kinaweza kunyimwa malipo ya sahani hiyo. Vijijini, sheria ileile ya Desemba 2022 iliruhusu kuchukua chakula kwenda nacho nyumbani, hata cha siku kadhaa kwa pamoja. Hilo limesaidia sana familia za viwanda vya nyama kwenye miji midogo, ambako kituo kiko maili kumi na tano na gari liko na baba kazini.

Kupata kituo cha karibu, piga 211 au 1-866-348-6479. Andika saa. Chakula cha mchana cha saa tano na nusu hakikungoji saa saba. Ndugu wengi hukosa kwa kudhani kituo ni kama nyumba ya jirani.

Kula kituoni hakukuzuii kupata kadi, na kadi haikuzuii kula kituoni.

Nane: hofu ya hati

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mlangoni, watu wakishaondoka. Summer EBT haihitaji mtoto wala mzazi awe raia, wala awe na grin kadi. Fomu haina swali hilo. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi, kwa sheria, hawapimwi kwa kile wanachoita mzigo kwa serikali (public charge), yaani kama watategemea msaada wa serikali, wanapoomba grin kadi. Kwa wengine, hasa walio na kesi inayoendelea, serikali ilitangaza Novemba 2025 kwamba inataka kubadili kanuni za upimaji huo. Mwenye wasiwasi amuulize mwanasheria wa uhamiaji au mshauri aliyeidhinishwa, si mtu wa kundi la WhatsApp. Kuna wanaolipisha $200 kujaza fomu ambayo ni bure; wakwepe.

Tisa: ukikataliwa

Barua ya kukataliwa lazima ieleze namna ya kukata rufaa. Kabla ya rufaa, ipigie ofisi simu uwaombe wakusomee walichoandika: watu wangapi, kipato kiasi gani, unalipwa mara ngapi. Mara nyingi kosa liko kwenye mojawapo, na linarekebishwa hapohapo. Andika tarehe na jina la uliyeongea naye. Kama hawasikii, omba kusikilizwa rasmi. Ni haki yako, tena bila malipo, na mkalimani atakuwepo.

Kama hukukataliwa ila kadi haijafika na Julai inaisha, uliza mambo mawili: je, mtoto amekubaliwa, na kadi ilitumwa anwani gani. Ikiwa ilipotea watatuma nyingine, lakini siku 122 zinaendelea kuhesabiwa tangu fedha zilipowekwa, si tangu kadi ilipokufikia.

Fedha zikiisha usiikate kadi kwa mkasi. Baadhi ya majimbo huweka za kiangazi kinachofuata kwenye kadi hiyohiyo, na kuomba nyingine huchukua wiki. Iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na shule zikifunguliwa Agosti, ukipewa lundo la karatasi za kusaini, itafute humo fomu ya kipato uijaze ya kwanza.